Squier na Twin Reverb, au Stratocaster ya Mexico na amplifaya ndogo?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Makorora hapa Tanga, napiga gitaa la solo kwenye bendi ya harusi ya watu saba. Tuna ngoma, besi, kinanda, rithim na waimbaji wawili. Nimeweka akiba miaka miwili. Mtu mmoja ananiuzia Fender Stratocaster ya Mexico na amplifaya ya Frontman 10G. Mwingine ana Squier Stratocaster na Fender Twin Reverb iliyoletwa kutoka Marekani. Bei zao zinakaribiana. Nataka mlio wa magitaa ya zamani ya Tanga, ule unaolia kama kengele. Wenzangu wanasema gitaa ndiyo mpango mzima, amplifaya nitanunua baadaye. Halafu, wati 85 si nyingi mno kwa ukumbi wa harusi?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Chukua Squier na Twin Reverb, lakini usitoe hata shilingi kabla hujasoma bamba lililo nyuma ya amplifaya hiyo. Nitarudi kwenye hilo bamba, maana ndilo linaloweza kukugeuzia akiba ya miaka miwili ikawa moshi.

Wenzako hawana nia mbaya. Gitaa ndilo unalolishika, ndilo linaloonekana jukwaani, na jina la Fender likiwa kichwani mwake watu wanaliona hata kwenye picha. Ila kwa muziki unaoutaka wewe mimi nashikilia kinyume chake: gitaa la kawaida lililorekebishwa vizuri, likilia kwenye amplifaya kubwa, litakupa ile kengele. Gitaa la fahari kwenye spika ya inchi 6 halitakupa, hata ulipige vipi.

Sikiliza tena rekodi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi zetu za hapa hapa. Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kuunda Simba Wanyika mwaka 1971, na ukiwasikiliza unaitambua shule waliyotoka. Magitaa hayagombani. Yanasukana kama ukili: rithim inashika chini, lile la kati linajaza mapengo, solo linapita juu. Noti ni fupi, ina ncha, inakatwa kabla nyingine haijaingia. Hata Black Star Musical Club walipoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab ya Tanga, gitaa lilibaki safi, likimwachia mwimbaji nafasi yake. Hakuna mahali linapokwaruza.

Usafi huo unadai nguvu, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Unapouchuna uzi, ule mgoto wa kwanza, kabla noti haijatulia, una nguvu mara nyingi kuliko mlio unaofuata. Amplifaya yenye akiba inaupitisha wote kama ulivyo. Isiyo na akiba inaukata kichwa. Noti inatoka bapa, haina ncha, na ukiongeza sauti ili umfikie mpiga ngoma inaanza kukwaruza. Wapiga roki wanautafuta mkwaruzo huo kwa makusudi, na amplifaya ndogo iliyopandishwa mpaka mwisho inawafaa sana. Wewe unatafuta kitu kingine kabisa.

Frontman 10G ina wati 10 na spika moja ya inchi 6. Ni amplifaya ya chumbani, na kwa chumbani ni nzuri. Nimewashauri wazazi wengi wawanunulie watoto wanaoanza. Iweke kwenye ukumbi wa Ngamiani wenye watu mia mbili, feni zinazunguka, ngoma ziko nyuma yako, kina mama wanapiga vigelegele, na hutajisikia hata wewe mwenyewe. Utaanza kupiga kwa nguvu, mkono utakakamaa, na noti fupi hazichezeki kwa mkono uliokakamaa.

Sasa wati 85. Usidhani Twin ina kelele mara nne ya Deluxe Reverb, amplifaya nyingine ya Fender, yenye wati 22. Sikio haliendi hivyo. Ili lisikie kwamba sauti imekuwa maradufu, nguvu inabidi ipande karibu mara kumi. Kati ya wati 22 na 85 kuna desibeli 6 hivi, ambazo mtu anazisikia wazi lakini hazimfukuzi ukumbini. Wati zile za ziada zinakaa zikisubiri mgoto wa uzi. Kwenye harusi Twin utaiweka kwenye 3 au 4 na haitapita hapo usiku kucha. Vilevile ina spika mbili za inchi 12, kwa hiyo sauti inaenea, na mpiga besi aliye pembeni anakusikia bila kukuomba uongeze.

Deluxe Reverb ni ndugu yake mdogo. Zote mbili zilitoka mwaka 1963, zote zina mwangwi wa springi na mtetemo, ila Deluxe ina spika moja ya inchi 12 na haina kifundo cha sauti za kati. Ina trebo na besi tu. Kwa baa ndogo au kurekodi ningeichagua hiyo kuliko Twin, maana ni nyepesi na inapendeza. Kwa ukumbi wenye ngoma nzima bila kipaza sauti mbele ya spika, itaanza kukwaruza mapema kuliko unavyotaka.

Rudi sasa kwenye bamba. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wetu wa TANESCO ni volti 230, mizunguko 50. Za Japani, ambazo nazo zinaletwa, zinataka volti 100. Fender hutengeneza Twin za nchi za nje zenye volti 230 pia, kwa hiyo usiende kwa neno la muuzaji. Igeuze, washa tochi ya simu, soma tarakimu zilizo karibu na mahali waya wa umeme unapoingia.

Mwaka fulani nililetewa amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti kama zilivyo kwenye Twin, iliyochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Bamba lilisema 120, wazi kabisa. Nilipoifungua nilikuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya kwanza ilikuwa imekatika kama ilivyopaswa, ikamwambia mwenyewe asiendelee. Naye akaifunga mdomo kwa ile karatasi na kuwasha tena. Transfoma kubwa ilikuwa imevuja gundi nyeusi mpaka chini ya boksi, na harufu yake ilikaa karakanani kwangu wiki nzima. Kijana aliyeileta alikuwa ameinunua siku tatu kabla. Tulisimama tukaitazama, hatuna la kusema.

Ikiwa bamba linasema 120, bado inawezekana. Tafuta transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 120 iliyo na uwezo wa wati 500 na kuendelea, ile nzito yenye kiini cha chuma ndani, usichukue vile vidude vyepesi vya kuchomeka pasi ya safari. Gharama yake ipunguze kwenye bei unapopatana. Na kwa kuwa mizunguko yetu ni 50 badala ya 60, transfoma ya amplifaya itapata joto zaidi kidogo kuliko ilikotoka, basi usiisogeze ukutani, iache ipumue. Harusi za jenereta ziangalie kwa jicho la pekee. Beba mita yako, pima soketi kabla hujachomeka chochote, na kama volti zinapanda na kushuka kila friji inapowaka, weka stabilaiza katikati au piga kupitia mitambo ya ukumbi siku hiyo.

Kisha tazama pini. Twin za miaka ya 1960 zilikuja na waya wa pini mbili tu, bila ethi, na swichi ndogo nyuma ya kuchagua upande wa umeme. Ukiikuta ya namna hiyo, waya ubadilishwe uwe wa nyuzi tatu wenye ethi, na ile kapasita iliyounganishwa na swichi hiyo iondolewe, kabla hujaipiga hata siku moja. Nyuzi za gitaa zimeungana na chuma cha amplifaya kupitia daraja, kile chuma cha mwilini zinapofungwa nyuzi. Mkono wako uko kwenye nyuzi, mdomo wako unagusa kipaza sauti kilichotoka kwenye mtambo mwingine. Hitilafu ikiwa upande mmoja, umeme unapita kifuani. Nawaona vijana wanaokata pini ya ethi kwa sababu soketi ya ukumbini ina matundu mawili, au kwa sababu mngurumo unapungua. Nakuomba, kama mzazi wako, usifanye hivyo kamwe.

Wala usiifungue mwenyewe. Ndani ya Twin kuna volti zaidi ya 400, na kapasita zake zinaweza kuzihifadhi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Fundi redio mzuri aliyewahi kushika valvu anajua kuzimwaga kwanza.

Mengine ya kuangalia kwa muuzaji si mengi. Iwe imewashwa dakika kumi na tano unapoipiga, maana nyingine zinalia vizuri zikiwa baridi tu. Valvu nne kubwa za nyuma, aina ya 6L6, zote ziwake rangi ya chungwa ndani. Bamba la chuma la mojawapo likigeuka jekundu, zima mara moja. Gonga boksi kidogo mwangwi ukiwa umefunguliwa, usikie springi zikinguruma. Zisiponguruma, tangi la mwangwi au waya wake una tatizo, nalo halina gharama kubwa. Uliza kama spika ndizo za awali. Twin inataka spika mbili za ohmu 8 zilizounganishwa pamoja kupata ohmu 4, na wapo waliozing'oa wakaweka za gari au za disko. Na amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika kuunganishwa, hata kwa kujaribu, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Kuna jambo jingine la kusema kweli: Twin ya valvu ina uzito wa kilo 29 hivi. Mji wetu ni wa baiskeli, na huo si mzigo wa baiskeli. Wala bodaboda haifai, kwa ajili ya mtikisiko wa valvu. Hesabu nauli ya bajaji kila harusi, kwenda na kurudi usiku. Fender wametoa tangu 2019 Twin na Deluxe za aina ya Tone Master, ambazo ndani ni kompyuta badala ya valvu, uzito wake karibu nusu, na mlio wake umenishawishi mimi ambaye sikutaka kushawishika. Ila kwa bei yake mpya hatuko huko.

Ikitokea bamba limekukatalia, au muuzaji hataki kupunguza bei ya transfoma, usirudi kwenye Frontman kwa hasira. Tafuta Champion 100 yenye bamba la volti 230. Haina valvu, ina wati 100 na spika mbili za inchi 12, haisumbuki na barabara mbovu, na kwenye upande wake safi inatoa sauti ya wazi inayotosha harusi yoyote ya hapa. Ningekupa Champion 100 na Squier kabla sijakupa ile Stratocaster ya Mexico na spika ya chumbani.

Nije kwenye gitaa, maana nisije nikaonekana nalidharau. Leo Fender mwenyewe alikuwa fundi redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Aliwapa wapigaji vyombo, akawasikiliza, akarudi mezani kwake. Ndiyo maana Telecaster, iliyopata jina hilo mwaka 1951, na Stratocaster ya 1954, ni vyombo vya mtu anayejua kwamba kila kitu kitaharibika siku moja na mtu mwingine atalazimika kukitengeneza. Shingo imefungwa kwa skrubu nne, bila gundi. Karibu umeme wote wa Stratocaster umening'inia kwenye bamba moja la plastiki la mbele. Unafungua skrubu, unaligeuza, kila waya uko mbele ya macho yako. Kila ninapofanya hivyo namshukuru mzee yule.

Na Squier ni umbile hilo hilo. Ni jina ambalo Fender wamelitumia kwa magitaa yao ya bei nafuu tangu 1982. Urefu wa uzi kutoka daraja hadi kizingiti cha kichwani ni milimita 648, sawa na Stratocaster ya Mexico na sawa na ya Marekani. Vidole vyako havitajua tofauti ya umbali. Zinapoachana ni kwenye vyuma vya kukazia nyuzi, ulaini wa vyuma vya shingoni, swichi, na pikapu, zile koili zenye sumaku zinazodaka mtikisiko wa nyuzi. Squier za Affinity zina sumaku za kauri, mlio wake mkavu kidogo. Za Classic Vibe zina sumaku za alniko, nazo zinakaribia sana unachokitafuta. Ukiwa na bahati ikawa ni Classic Vibe, usiulize mara mbili. Ikiwa ni Affinity, chukua pia; pikapu zinabadilishwa baadaye kwa saa moja, kwa sababu ile ile ya lile bamba la plastiki.

Litazame shingo kama unavyotazama ubao: shika mwilini, funga jicho moja, angalia kutoka kichwani. Liwe na upinde mdogo sana wa kwenda mbele, lisiwe limepinda kama upinde wa mshale wala kujisokota. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Vyuma vikikukwaruza, navisawazisha kwa tupa, si sababu ya kuliacha. Chuna kila uzi kwenye kila chuma cha shingoni, sikiliza noti inayokufa ghafla.

Swichi ya Stratocaster ina vituo vitano. Kengele unayoisema inakaa kwenye cha pili na cha nne, pale pikapu mbili zinapolia pamoja. Mwanzoni Fender waliweka vituo vitatu tu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiisimamisha swichi katikati ya kituo na kituo unapata mlio mtamu, wakawa wanaikwamisha hapo, mpaka mwaka 1977 kiwanda kikakubali na kuweka vitano. Kwenye magitaa mengi ya sasa koili ya kati imezungushwa kinyume, kwa hiyo kwenye vituo hivyo viwili mngurumo wa taa za ukumbini unapotea pia.

Anzia hivi: gitaa kituo cha pili kutoka kwenye daraja, sauti ya gitaa kwenye 7 badala ya 10. Kwenye Twin, trebo 6, kati 5, besi 3, mwangwi 2, na swichi ya kung'arisha uifunge kwanza, maana kuta za saruji zinang'arisha vya kutosha. Chuna karibu na daraja, na ubavu wa kiganja uguse nyuzi kidogo tu. Mpiga rithim aende kwenye pikapu ya shingoni ili msikanyagane. Nyuzi za 9 hadi 42, yaani unene wake kwa sehemu za elfu za inchi, ni laini na zinakubali noti za haraka, lakini nawapendelea wapiga solo wa dansi zile za 10 hadi 46. Noti inatoka mviringo.

Hewa yetu ya bahari inakula nyuzi. Kitambaa kikavu cha pamba kikae kwenye mfuko wa gitaa, na baada ya kila harusi kipite juu na chini ya kila uzi, hata kama umechoka. Masika yakiingia mbao hunywa unyevu na shingo husogea. Likianza kuunguruma au nyuzi zikipanda juu, lete nilikaze robo mzunguko. Usikaze mwenyewe kwa nguvu, fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo ikikatika, shingo limekwisha.

Nenda kwa muuzaji mchana, beba mita, tochi na waya wako mwenyewe wa gitaa. Piga picha ya lile bamba unitumie kabla hamjapatana bei. Na ukiinunua, iletwe kwangu Ngamiani moja kwa moja kwa bajaji, ikiwa imesimama wima. Usiiwashe njiani kwa mtu yeyote, hata kwa dakika moja ya kuonyeshana. Nataka ifike kwangu baridi.